Nyuma ya Kendangi: Shajara ya Safari, Yogyakarta na Solo

Jumamosi, Yogyakarta

Treni kutoka Jakarta imeingia stesheni ya Tugu jua likiwa linazama. Njia nzima dirishani ni mpunga, kisha milima, kisha mpunga tena. Nimechoka, leo nitaandika machache.

Nimekuja kisiwa cha Java kwa ajili ya chombo kimoja, kendangi. Ni ngoma ya mbao yenye nyuso mbili, imetuna tumboni, hulazwa juu ya kigoda na kupigwa kwa mikono pande zote mbili. Ndiyo ngoma ya gamelani, lile kundi la vyombo vya bronzi ambalo wengi wetu tumelisikia kwenye filamu bila kujua linaitwaje. Mimi hupiga dumbak kwenye taarab, Unguja, na katika taarab mpiga ngoma hana pa kujificha: akiyumba, hata muuza kashata aliye nje anajua. Wenye gamelani yao waliniambia jambo lililonikaa kichwani, kwamba katika kundi lao kendangi husikika kwa shida lakini ndiyo yenye mamlaka ya mwendo, na watu ishirini na zaidi huifuata bila kuitazama. Hayo ndiyo niliyoyafuata.

Chakula cha usiku kilikuwa gudeg, fenesi bichi lililopikwa kwa tui la nazi na sukari ya mgema mpaka likawa jekundu. Tamu kupita kiasi kwa ulimi wangu, ila nimeongeza sahani. Mwenye mgahawa aliposikia nimefuata kendangi alicheka, akasema basi nimeanza vizuri, maana kendangi nzuri huchongwa kwa mti huo huo, mfenesi.

Jumapili, Bantul

Kusini ya mji, katika kijiji kimoja cha Bantul, upo ukumbi wa wazi usio na kuta, pendopo, ambapo wanakijiji hukutana kwa mazoezi. Viatu nje. Kijana aliyenipokea aliniwahi kwa adabu: usivuke juu ya chombo chochote. Unakizunguka, hata kama mkato ni hatua moja tu. Chombo kina heshima yake, na gongi kubwa lina heshima zaidi; chini yake palikuwa na kisahani cha maua.

Wapigaji si watu wa kulipwa. Nilikaa karibu na fundi pikipiki ambaye kucha zake zilikuwa bado na grisi, na nyuma yangu walikuwapo walimu wawili wastaafu waliokuwa wakitaniana tangu chai hadi mwisho.

Niwaeleze wasiojua jinsi kitu hiki kinavyokwenda, maana bila hivyo kendangi haieleweki. Muziki wote umejengwa kwa mizunguko. Mzunguko waliokuwa wakiupiga unaitwa ladrangi, una mapigo 32. Gongi kubwa, lenye upana unaokaribia mita moja, hulia mara moja tu, kwenye pigo la 32. Hapo mzunguko hufungwa na mwingine hufunguka. Kenongi, chungu kikubwa cha bronzi kilicholazwa juu ya kamba, huukata mzunguko vipande vinne vya mapigo manane manane. Kempuli, gongi dogo la kuning'inia, huingia katikati ya kila kipande, kwenye pigo la 12, la 20 na la 28. Katika kipande cha kwanza hunyamaza. Kwa nini? Ili gongi kubwa lililolia punde lipate nafasi ya kumalizia kupumua. Jibu hilo alinipa mmoja wa walimu wastaafu, na nimelipenda.

Ndani ya mzunguko huo saroni, vipande vya bronzi vilivyopangwa juu ya sanduku la mbao, hupiga uti wa wimbo. Bonangi, safu mbili za vyungu vidogo, hutangulia na kuwaonyesha wenzao noti inayokuja. Rababu ya nyuzi mbili, filimbi na mwimbaji hupamba. Vyombo vipo seti mbili, moja ya ngazi ya sauti tano na nyingine ya sauti saba, na mpigaji hugeuka tu alipoketi kubadilisha. Gamelani mbili hazilingani sauti kabisa. Huwezi kuazima saroni ya kijiji cha jirani, itakuwa mgeni asiyejua lugha.

Sasa kendangi. Mpigaji wake ameketi katikati ya wenzake wote, ngoma kubwa mbele yake na ngoma ndogo pembeni. Dakika za mwanzo sikuona anachofanya. Vidole vinagusa, kiganja kinatua, kimya, tena kidole. Nikaacha kumtazama, nikamtazama mama mwenye miwani aliyekuwa kwenye pekingi, ile saroni ndogo kuliko zote. Alikuwa akipiga mara mbili kwa kila noti ya wimbo. Kendangi ikaanza kuvuta nyuma kidogo. Hakuna aliyeinua uso. Noti za uti wa wimbo zikaachana, zikazidi kuachana, halafu mkono wa yule mama ukagawanya upya: sasa mara nne kwa kila noti. Kasi ya mkono wake ilikuwa karibu ile ile ya mwanzo, lakini wimbo ulikuwa umepanuka maradufu, na ndani ya nafasi iliyopatikana rababu na mwimbaji wakaanza kusema mambo ambayo hapo kabla hayakuwa na pa kukaa. Wanaita irama. Ipo ngazi nyingine ya mara nane, na juu yake nyingine tena. Anayefungua na kufunga milango hiyo ni mpiga kendangi peke yake.

Jambo la pili lilinifanya nisahau chai yangu. Katikati ya wimbo kendangi ilipiga mapigo fulani machache na kundi zima likasimama. Watu ishirini, pa! Hakuna mwisho uliofika, gongi halijalia, wimbo umening'inia. Mwimbaji, mama wa makamo aliyekuwa ameketi amepiga magoti, akaimba mstari mmoja peke yake, bila haraka. Kisha kendangi ikagonga kidogo, na wote wakarudi ndani kana kwamba hawakutoka. Nimekaa miaka na taarab, nimeona wapigaji wakisimamishwa kwa mkono, kwa jicho, kwa kelele. Kusimamishwa kwa ngoma isiyofika nusu ya sauti ya saroni sijapata kuona.

Hata kumaliza kuna namna. Kendangi huharakisha kwanza, kila mtu anajua mwisho umetangazwa, kisha huvuta breki taratibu mpaka pigo la mwisho. Gongi hulia, na ndipo wengine hutua noti yao ya mwisho, nyuma yake.

Jumatatu, Yogyakarta

Somo. Mwalimu wangu ni mtu wa miaka sabini hivi, mimi humwita Pak, yaani baba, yeye huniita Mas, yaani kaka. Kabla ya kugusa ngoma amenitaka niseme mapigo kwa mdomo: tak, ket, thung, dhah. Tak ni kofi kali kwenye uso mdogo, mkono wa kushoto. Ket ni mguso wa kuzima, hauna sauti ya kujivunia, unajaza nafasi tu. Thung hutoka kwenye ketipungi, ngoma ndogo kuliko zote, na dhah kwenye uso mpana wa ile kubwa, mkono wa kulia. Ngoma hizi mbili zikipigwa pamoja na mtu mmoja ndizo huongoza nyimbo tulivu. Ipo ya tatu, chibloni, ya ukubwa wa kati, yenye maneno mengi. Hiyo ni ya densi na ya pale wimbo unapochangamka. Na ipo nyingine ya wayangi, mchezo wa vikaragosi.

Katika mtindo wa ngoma mbili, ndani ya mapigo manane ya wimbo unaweza kupata thung moja na dhah moja tu zinazosikika waziwazi, zingine zote ni ket. Mikono yangu imezoea kujaza. Mwalimu alinisikiliza, akanyoosha kidole kimoja juu ya mkono wangu wa kushoto, akakiacha hapo bila kukandamiza, mpaka mkono ukatulia. Halafu akaendelea kunywa chai.

Nilimuuliza nani mkubwa katika gamelani. Akasema mambo mawili yasichanganywe. Wimbo uko mikononi mwa rababu: ndiyo inayojua unakwenda wapi, na mara nyingi ndiyo inayofungua. Mwendo uko mikononi mwa kendangi: lini tuanze, upana gani, lini tusimame, lini tumalize. Rababu ikitaka kwenda na kendangi haijaruhusu, hakuna safari.

Mchana alinipeleka kwa fundi wa kuwamba. Gogo la mfenesi lililokwisha kukauka hukatwa, huchongwa nje, kisha hutobolewa ndani, na umbo la ndani ndilo lenye siri: likiwa jembamba upande huu na pana upande ule, sauti hubadilika. Ngozi ni ya nyati wa kufugwa, ng'ombe au mbuzi, imeshonwa kwenye pete za henzerani. Kamba za ngozi hupita kutoka uso hadi uso zikifanya umbo la herufi Y, na kwenye kila Y kuna kipete. Fundi alikuwa akisukuma vipete kwa dole gumba, kimoja kimoja, anagonga, anasikiliza, anasukuma kingine. Hakuna skrubu hata moja. Dumbak yangu ya Unguja ina skrubu sita na bado hainisikilizi siku za mvua.

Jumanne, Wirun

Treni ya umeme kutoka Yogyakarta hadi Solo Balapan ni mwendo wa saa moja na kidogo. Mji rasmi unaitwa Surakarta lakini sijasikia mtu akisema hivyo barabarani, wote husema Solo. Kutoka hapo nilipanda pikipiki hadi Wirun, kijiji cha wilaya ya Sukoharjo ambako magongi hufuliwa.

Nilitarajia mwanga; kiwanda ni kiza. Kina sababu. Mhunzi huisoma bronzi kwa rangi, na kwenye jua huwezi kutofautisha wekundu wa kufulika na wekundu wa kupasuka. Bronzi ya gamelani ni shaba kwa bati, sehemu kumi kwa tatu. Bati likiwa jingi kiasi hicho chuma kinalia vizuri mno, lakini kikipoa ni kama kigae, ukikigonga kinavunjika. Kwa hiyo hufuliwa kikiwa chekundu tu. Kinaanza kama sahani nene iliyomiminwa, kinaingia kwenye makaa, kinatolewa, na hapo mtu mmoja anakizungusha kwa koleo ndefu huku wengine watatu wakipokezana nyundo. Tang, tang, tang. Sekunde chache, rangi inashuka, kinarudi motoni. Saa nzima hivyo, na saa nyingine. Ukingo unakunjika kidogo kidogo kuelekea chini, na chuchu ya katikati inasukumwa kutoka ndani.

Kisha hutumbukizwa majini. Wanaojua uhunzi wa panga watashangaa: chuma cha panga ukikizima majini kinakuwa kigumu na kikavu, bronzi hii hufanya kinyume, inapata uvumilivu. Baada ya hapo hukwanguliwa na kutafutiwa sauti kwa siku kadhaa.

Niliruhusiwa kupiga gongi kubwa lililokuwa tayari, kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Unalipiga chuchuni, polepole. Sauti haiji mara moja. Inapanda kutoka chini na kisha inaanza kuyumba, inakuja inarudi, inakuja inarudi, na wahunzi huhesabu mawimbi hayo na kubishana juu yake. Linalotakiwa ni wimbi pana, lisilo na haraka. Hapo nikaelewa kwa nini mpiga kendangi wa Bantul alikuwa akisubiri. Huwezi kuliharakisha gongi la namna hii. Unaweza tu kupanga kila kitu kilifikie kwa wakati wake.

Chakula cha mchana nilikula na wahunzi, wali na tempe, soya iliyochachushwa, mikono yao ikitetemeka kidogo kwa kuachia nyundo. Mmoja alikuwa na masikio mazito. Ndiyo kazi yenyewe.

Jumatano, Solo

Asubuhi kwenye kasri la Mangkunegaran, ambako kuna mazoezi ya densi. Pendopo yake ni kubwa ajabu, sakafu ya marumaru kutoka Italia, dari limechorwa ndimi za moto kwa rangi kali. Gamelani ya humo ina jina, Kyai Kanyut Mesem. Kyai ni heshima wanayopewa mashekhe hapa, na vyombo vya fahari hupewa pia.

Walikuwa wakicheza Gambyong Pareanom, densi ya wanawake iliyopangwa humu humu mwaka 1950. Hapa kendangi si ile niliyoiona Bantul. Ni chibloni, na imefunguka mdomo. Kila mwendo wa mwili una mapigo yake: kiwiko kinapokunjwa ipo sentensi ya ngoma, shingo inapoteleza upande ipo nyingine, kisigino kinapogeuka ipo ya tatu. Swali langu lilikuwa nani anamfuata nani. Nikasimama mahali ninapoona mikono ya mpigaji na miguu ya mchezaji kwa pamoja. Kwa kadiri ya macho yangu, ngoma hutangulia kwa kipande kidogo sana, inasema kinachokuja, na mwili unakitimiza; lakini mchezaji akikawia kwenye pozi, mpigaji anakawia naye. Nilipomuuliza mpigaji baadaye akasema anatazama vidole vya mikono ya mchezaji. Miguu inachelewa, akasema, vidole husema ukweli.

Wakati huo saroni na wengine wanaendelea na wimbo wao kwa utulivu, kana kwamba hakuna kinachotokea. Ndiyo maana watalii wengi waliokuwa karibu nami waliisikia gamelani kama usingizi. Ukiisikiliza kutokea kwenye kendangi, hakuna usingizi humo.

Alhamisi, kurudi Yogyakarta

Nilipita Pakualaman, kasri dogo la mjini. Hapa mwaka 1971 Mmarekani Robert E. Brown alirekodi gamelani ya kasri ikipiga wimbo wa Ketawang Puspawarna, na rekodi hiyo ikawekwa kwenye sahani ya dhahabu iliyorushwa na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977. Sahani hiyo hiyo ina sauti za wasichana wa Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo. Wasichana wa Ituri na kendangi ya Pakualaman sasa wako mbali na jua kuliko kitu chochote kilichotengenezwa na mwanadamu, kwenye sahani moja. Bawabu alikuwa hajui habari hiyo na hakuonekana kuhitaji kuijua.

Ni mwezi wa Maulidi, na hapa Maulidi ni Sekaten. Gamelani mbili za kasri la Sultani hutolewa na kupelekwa kwenye uwanja wa Masjid Gedhe, msikiti mkuu uliojengwa mwaka 1773, zikapigwa hapo siku zote mpaka mkesha wa tarehe 12 ya mwezi huo. Nilifika alasiri, nikasikia kidogo, kisha zikanyamaza. Usiku wa kuamkia Ijumaa hazipigwi, mpaka watu watoke Swala ya Ijumaa kesho. Basi.

Ijumaa, Kauman

Nimeswali Ijumaa Masjid Gedhe, bega kwa bega na wazee waliovaa kofia nyeusi na vikoi vya batiki. Kauman, mtaa unaouzunguka msikiti, ndipo Ahmad Dahlan alipoanzisha Muhammadiyah mwaka 1912, jumuiya ya marekebisho ya dini ambayo leo ina shule na hospitali nchi nzima. Gamelani ya Sultani mlangoni mwa mtaa kama huu, na watu wanaishi hivyo. Sisi kwetu bado tunabishana kuhusu matari katika maulidi, na nadhani tutaendelea kubishana.

Baada ya swala umati ulitoka uwanjani. Upande wa kusini yumo Kyai Guntur Madu, upande wa kaskazini Kyai Nagawilaga, kila gamelani ndani ya banda lake la juu. Ufalme wa Mataram ulipogawanywa kwa mkataba wa Giyanti mwaka 1755, mirathi iligawanywa pia, na Nagawilaga akatengenezwa Yogyakarta ili Guntur Madu apate mwenzake. Hupokezana: huyu akimaliza, yule anaanza. Simulizi ya wenyeji inasema mawalii waliosambaza Uislamu Java waliweka gamelani msikitini ili watu waje kusikiliza, na waliokuja wakasikia pia shahada.

Nilitafuta kendangi kwa macho, banda la kwanza, la pili. Haimo. Gamelani ya Sekaten haina kendangi, wala rababu, wala mwimbaji. Vyombo ni vikubwa kuliko vya kawaida, bronzi nene, sauti nzito inayofika mbali, na ngoma pekee ni bedugi, ngoma kubwa ya kuning'inia kama ile ya kuitia swala misikitini, nayo hupiga pigo moja moja zito.

Basi nani anaongoza? Bonangi. Mpigaji wake, mzee mwenye kilemba cha batiki na kisu cha kris mgongoni, alianza peke yake, noti moja, ukimya mrefu wa kuchosha, noti nyingine. Wengine wakamfuata taratibu mno. Kisha mwendo ukakua mpaka saroni zikawa zinapigwa kwa nguvu, nyundo zinainuliwa juu ya bega. Lakini namna ya kukua haikuwa ile niliyoizoea wiki hii. Ilipanda kwa kusukumana, kila mtu akimsukuma jirani yake. Kukosekana kwa kendangi kulinionyesha kazi yake kuliko somo la Jumatatu: hapakuwa na mahali pa kuvuta pumzi ndani ya wimbo, hapakuwa na kusimamishwa, hapakuwa na maongezi. Palikuwa na fahari tu, na nadhani ndiyo iliyokusudiwa.

Pembeni ya banda akina mama wanauza wali wa nazi na mayai mekundu yaliyochomekwa kwenye vijiti, na tambuu. Wanaamini ukitafuna tambuu gamelani ya Sekaten inapoanza kulia hutazeeka upesi. Bibi mmoja alinipa ya kwangu tayari imefungwa, akanikagua uso, akaniongezea nyingine.

Jumamosi, Bantul, usiku kucha

Mwenye shughuli ametahiri mwanawe, na kwa furaha ameita wayangi. Turubai barabarani, viti vya plastiki, tangawizi ya moto, watoto wamelala kwenye mikeka. Mpiga kendangi ni mwalimu wangu. Sikujua mpaka nilipomwona ameketi nyuma ya dalangi.

Dalangi ndiye anayeendesha vikaragosi vya ngozi mbele ya pazia lenye taa, anasema sauti za wote, anaimba, na hainuki kuanzia saa tatu usiku mpaka alfajiri. Na hana mkono wa ziada wa kuongoza muziki. Kwa hiyo anaongea na kendangi. Mkono wa kushoto ana kipande cha mbao anachogonga nacho sanduku la vikaragosi, na mguu wa kulia unagonga vibao vya chuma vilivyoning'inia kwenye sanduku hilo hilo. Kugonga namna hii ni anza, namna ile ni ongeza kasi, namna nyingine ni nyamazeni nataka kusema. Kendangi inapokea na kuwagawia wengine, na yote hayo hutokea kwa kasi ambayo nilipojaribu kuandika kila ishara kwenye daftari nilibaki nyuma kwa ishara tatu.

Zipo pia ishara za mdomo. Dalangi anasimulia jinsi kasri lilivyo, jinsi mfalme alivyovaa, na ndani ya maneno hayo anaficha jina la wimbo anaoutaka kwa fumbo. Mpiga kendangi na rababu inabidi walifumbue kabla sentensi haijakwisha. Mtu wa taarab haoni ajabu katika mafumbo, lakini fumbo linalojibiwa kwa ngoma, palepale, bila mazoezi ya pamoja, hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Saa nane usiku vita vilianza. Mmoja wa akina Pandawa, wale ndugu watano mashujaa wa Mahabharata, na zimwi. Hapa mwalimu wangu, mtu wa ket na kidole kimoja juu ya mkono, aligeuka mtu mwingine. Kila teke, kila kofi, kila zimwi linapobamizwa chini, ngoma ipo, si kabla wala si baada. Nyuma yake kundi zima linazunguka kwa mizunguko mifupi, gongi linalia mara kwa mara, dalangi anagonga, vibao vinalia, na bado unaona kwamba katikati ya fujo hiyo mtu mmoja ana hesabu yote mkononi. Kisha dalangi akagonga mara moja. Kimya. Zimwi likafanya mzaha, umati ukacheka, mwalimu akanywa tangawizi yake.

Kuelekea alfajiri nikamwuliza, wakati wa mzaha mwingine mrefu, kama haogopi kupitwa na ishara. Akasema vikaragosi anavijua tangu mtoto, dalangi anamjua miaka mingi, anachoogopa ni magoti.

Jumapili, uwanja wa ndege

Garebeg, maandamano makubwa ya Maulidi yenye vilima vya vyakula, ni kesho. Tiketi yangu ni leo, na tiketi haibembelezwi.

Nimenunua ketipungi ndogo kwa yule fundi wa kuwamba. Masharti yake: isikae juani, isilazwe kwenye uso wake, na mvua za masika zikifika Unguja nisihangaike kukaza vipete, ngozi itarudi yenyewe. Nimeifunga kwa vikoi viwili na kuibeba mkononi. Mwalimu ameniandikia kwenye karatasi mpangilio wa ladrangi kwa ngoma mbili, na chini yake ameandika nianze kuusema kwa mdomo, mwezi mzima, kabla ya kuupiga.

Nimewatumia wenzangu wa klabu sauti ya mazoezi ya Bantul, ile sehemu kundi zima linaposimama na mama anaimba peke yake. Nimewapendekezea tujaribu katika wimbo mmoja tu: mimi nikigonga hivi, wote wasimame, mwimbaji apate mstari wake, nikigonga tena warudi. Mpiga fidla amekubali. Mpiga rika, lile tari dogo, amejibu kwamba yeye hawezi kusimamishwa na mtu ambaye hata kodi ya ukumbi hajalipa mwezi huu.